Wembe wa Kwanza wa Binti Yako



Mwezi huu naanza kwa kukiri kosa langu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na kanisani nawafundisha wasichana usafi wa mwili. Lakini binti yangu mwenyewe, aliyekuwa kidato cha kwanza, alipohitaji wa kumwelekeza hakuja kwangu.

Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Joto lilikuwa kali, naye kila siku amevaa sketi ya kufika chini na soksi ndefu. Jioni moja nikamkuta bafuni ameinama, wembe wa zamani wa baba yake mkononi, damu inamchuruzika kwenye muundi. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa kali. Nikalimeza. Nikachukua kitambaa safi, nikabana jeraha mpaka damu ikakata, ndipo nikamwuliza taratibu.

"Mama, wenzangu wananicheka. Wanasema nina miguu ya kiume."

Kisha akaniambia jambo lililoninyima usingizi usiku ule: bwenini kwao wasichana wanne walikuwa wakinyolea wembe mmoja kwa zamu.

Akina mama, vinyweleo vya miguuni si uchafu wala ugonjwa. Kuna wasichana wanaojaliwa vingi na wengine vichache, na hakuna anayelazimika kuvinyoa. Ni mtindo tu. Huko Marekani ulienea zaidi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, soksi za nailoni zilipoadimika na wanawake wakabaki miguu wazi. Hayo nilimweleza binti yangu. Lakini akiamua kunyoa, afadhali ajifunze kwa mama kuliko gizani.

Wembe wa kushirikiana ni hatari. Damu kidogo, hata isiyoonekana kwa macho, yaweza kubaki kwenye makali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuusuuza wembe kwa maji hakutoshi. Virusi vya UKIMWI navyo vyaweza kupita kwa damu ya namna hiyo. Homa ya ini aina ya B ina chanjo; hebu angalia kadi ya kliniki ya mwanao kama aliipata. Kwa hiyo sheria ya nyumbani iwe moja: kila mtu na wembe wake, hata mama na binti, hata ndugu wa tumbo moja.

Sasa namna ya kunyoa. Kwanza, aoge kwa maji ya uvuguvugu ili vinyweleo vilainike. Pili, apake povu la sabuni. Asinyoe ngozi kavu kamwe. Tatu, atumie wembe mpya wenye mpini, aupitishe polepole kufuata vinyweleo vinakoelekea, bila kukandamiza, na kuusuuza kila mara. Kwenye muundi, goti na kifundo cha mguu apunguze mwendo, maana hapo mfupa uko karibu na ngozi. Goti alikunje kidogo. Akimaliza ajisuuze, ajikaushe kwa taulo lake, apake mafuta yasiyo na manukato.

Asipitishe wembe juu ya kidonda, kipele au upele. Sisi wenye nywele za kujikunja hupata vipele pale unywele unapojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vikitokea, aache kunyoa mpaka vipone, wala asivitumbue. Pakivimba, pakiwa na joto na usaha, mpeleke zahanati. Mwenye kisukari aulize kwanza kwa mganga wake, kwa sababu kijeraha kidogo cha mguuni chaweza kumletea matatizo makubwa.

Wengi huniuliza: je, nywele zikinyolewa hurudi nene zaidi? Hapana. Mtafiti Mildred Trotter alilichunguza jambo hili mwaka 1928, akaona kunyoa hakubadili unene, rangi wala kasi ya kuota. Wembe hukata ncha laini ya unywele, ndiyo maana zinapoota tena huparuza.

Wembe uliokwisha makali uufunge kwenye karatasi na kuutia ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

Ule wa baba yake tuliutupa. Naye akanunua mwingine bila kuuliza maswali. Likizo ilipokwisha nilimfungia binti yangu nyembe mpya, wake na mmoja mmoja kwa kila mwenzake wa bwenini. Alicheka, akanikumbatia. Juma lililotangulia alikuwa akijificha bafuni.

Mama mwenzangu, usingoje uione damu. Mwite binti yako jioni hii, mkae wawili, umwambie kwamba mambo ya mwili wake aweza kukuuliza wewe.