Moto Uliofunzwa Kutulia

Kila mwenye taa ya chemli ajua ya kuwa utambi ukipandishwa kupita kiasi, moto hurukaruka na kioo hupasuka. Taabu iliyofanana na hiyo, lakini kubwa mno, iliwapata mafundi wa Marekani walipotengeneza mtambo ulioitwa F-1, wa kuinua chombo cha kwenda mwezini.

Mtambo huo ulichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni iliyopozwa hata ikawa kama maji. Maana huko juu hakuna hewa, na roketi haina budi kuchukua yake. Pampu yenye nguvu za farasi 55,000 ilisukuma vitu hivyo viwili, zaidi ya tani mbili na nusu kila sekunde, vikapita katika bamba lenye matundu zaidi ya 2,000 na kuingia katika chumba cha moto. Msukumo uliopatikana ulikuwa ratili 1,500,000.

Kasoro ilikuwa hii: pengine moto ulianza kutikisika ghafula, mawimbi yakazunguka chumbani, na kufumba na kufumbua mtambo ukavunjika. Mwezi wa Juni 1962 mmoja uliharibika hivyo ulipokuwa ukijaribiwa huko California. Kama jambo hilo lingalitokea safarini, watu watatu waliokaa juu ya roketi wangalikuwa hatarini, na hapakuwa na hesabu iliyotosha kuonyesha dawa yake.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafundi hao hawakungoja kasoro ije, waliiita wenyewe. Walitia baruti kidogo chumbani, wakailipua katikati ya moto, wakapima muda uliopita kabla moto haujatulia. Kisha walibadili matundu, wakasimamisha kuta fupi juu ya bamba zilizoligawa sehemu 13, ili mawimbi yakose njia. Walijaribu hivyo kwa miaka, hata moto ukaweza kutulia wenyewe kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Roketi ya Saturn V, yenye mitambo mitano ya namna hiyo, iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 1967. Tarehe 16 Julai 1969 iliwachukua Armstrong, Aldrin na Collins. Hata mwaka 1973 ilikuwa imeruka mara 13, na katika mitambo hiyo 65 hakuna hata mmoja uliovunjika angani. Kazi hiyo yafunza ya kwamba kasoro iliyotafutwa mapema, kwa makusudi na kwa subira, haimvizii mtu safarini.