Tuulize kole kabla ya kununua mbao

Koperative nyingi ziko na mupango wa kutengeneza etajere mu depo za mbegu, na mafundi wanashauri zile mbao za kiwanda zinazoitwa aglomere, juu bei iko chini. Sisi tunasema: kabla ya kutoa feza, tuulize kwanza kole iliyo ndani.

Aglomere si muti muzima. Ni vipande vidogo-vidogo na maranda, vinachanganywa na kole, kisha vinafinywa mu mashini ya moto mpaka vishikane. Kole inayotumiwa zaidi inatengenezwa na urea, ile ile tunayotia mu shamba la mahindi, pamoja na formoli, ile dawa ya maiti ku morge. Viwanda vinaipenda: haiombi feza nyingi, inakauka mbio. Lakini maji ni adui yake. Unyevu na joto vikikutana, kole inaanza kuachia. Ubao unavimba ku kona, misumari inalegea, etajere inapinda chini ya mifuko. Na kwetu Kivu mvua inapiga miezi mingi ya mwaka!

Ikiachia, inatoa tena hewa ya formoli, ile harufu kali inayochoma macho mu chumba kilichofungwa. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya OMS liliiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mutu. Mulinzi wa depo, na wamama wanaochagua maharagi humo kutwa nzima, ndio wanaoivuta.

Iko kole ingine, ya fenoli, rangi ya kahawia nzito. Hiyo inavumilia maji na hewa yake ya formoli ni kidogo sana. Triplekse ya kole hiyo tunaikubali, hata bei ikipanda. Muuzaji akiapa tu kwa mudomo, omba kipande kidogo mukichemshe inje, mu kopo la zamani, si mu sufuria ya chakula: kole ya urea itaachia, ya fenoli itashika.

Lakini kwa etajere, hatuoni sababu ya kupeleka feza mbali wakati wanachama wenyewe wako na grevilea na mikaratusi kandokando ya mashamba. Mbao zao zipasuliwe, zikaushwe vizuri kivulini, na koperative iwalipe wao.

Na wale wenye aglomere tayari: vipande vinavyobaki visiingie mu mbabula. Moshi wake si wa kupikia, wala wa kukausha samaki.