Kompyuta Inapokataa Kufungua Wimbo

Safari hii mwalimu wa kwaya na yule kijana anayemsaidia kuchapa nyimbo wakae karibu, maana habari ni yao. Baba na mama, nanyi msiende mbali. Wimbo mtakaouimba Jumapili huenda umo ndani ya mashine hiyo, nayo mashine ikigoma, kwaya yote hukaa kimya.

Zamani wimbo mpya ulifika kijijini kwa njia mbili. Ulifika kichwani mwa mtu, kama zile nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi: kirangozi aliimba mbele, msafara ukamwitikia nyuma, toka Tabora mpaka pwani, wala hakuna aliyeshika karatasi. Ama ulifika juu ya karatasi, umenakiliwa kwa mkono katika zile herufi za solfa, do re mi, ambazo mchungaji Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19 na wamisioni wakazipeleka mbali. Siku hizi kuna njia ya tatu. Mtunzi aliyeko Mwanza au Dar es Salaam huchapa nota kwa kompyuta, nao wimbo hufika Sikonge ndani ya simu kabla yeye hajamaliza chai yake.

Programu za kuchapia nota ziko nyingi. Humu nitasema habari za mbili: Finale, ambayo ilikuwa ya kununua, na MuseScore, ambayo ni ya bure. Zote mbili zina desturi moja inayowatisha watu: jambo likienda kombo hutokeza kisanduku chenye maneno ya Kiingereza katikati ya kioo. Wengi wakikiona hubonyeza haraka kiondoke, bila kukisoma. Hapo ndipo hasara huanza. Kile kisanduku hakikuja kukugombeza. Kimekuja kukuonyesha mahali palipo na kosa.

Tuanze na ujumbe unaotisha kuliko yote, ule wa MuseScore wenye neno "corrupted", maana yake faili limeharibika. Usilifute faili hilo! Soma maneno yaliyo chini yake. Mathalani utaona imetajwa namba 12, kisha mstari wa 2, kisha 4/4 na 5/4. Maana yake ni hii: katika kipimo cha 12, kwenye safu ya pili ya mistari mitano kutoka juu, palitakiwa mapigo manne, nayo programu imehesabu matano. Basi, ndiyo hayo tu. Wimbo wako wenye vipimo 60 una kipimo kimoja kibovu, na hivyo vingine 59 ni vizima.

Kipimo ni ile nafasi iliyo kati ya vistari viwili vya kusimama. Wazee wa Tabora wataelewa upesi nikisema kwamba kipimo ni kama mzigo wa mpagazi. Mzigo wa msafara ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Aliyezidishiwa alilalamika palepale kabla ya kuondoka, naye nyapara akajua ni mzigo upi wa kufungua. Programu hufanya vivyo hivyo. Kila kipimo kina uzito wake, nao ukizidi au ukipungua, hulalamika.

Tiba yake ni hii. Programu ikikuuliza kama ifungue hivyo hivyo, kubali. Mara moja hifadhi faili kwa jina jingine, ili lile la kwanza libaki kama lilivyo. Kisha nenda kwenye kipimo kilichotajwa. Kama wimbo una kipimo kifupi cha kuanzia, tazama na jirani zake, kwa kuwa hesabu ya programu na namba zilizochapwa huenda zikapishana kwa kimoja. Nakili nota zake kwenye karatasi, kwa sauti zote nne, na maneno pia. Halafu kifute kipimo chenyewe kabisa, si nota zake tu. Ingiza kipimo kipya mahali pake, andika nota upya, hifadhi, funga, fungua tena. Ujumbe usiporudi, umepona. Wako wanaofuta nota na kuziandika upya ndani ya kipimo kilekile kibovu, kisha wanashangaa ujumbe unarudi. Huko ni kumwaga nafaka na kuijaza tena katika gunia lililotoboka.

Pengine utaona alama ndogo ya kujumlisha au ya kutoa kwenye pembe ya juu ya kipimo. Hiyo haina maana kwamba faili limeharibika. Inakuarifu tu kwamba kipimo hicho ni kirefu au kifupi kuliko mapigo yaliyoandikwa mwanzoni. Nyimbo nyingi huanza na pigo moja la utangulizi, kwa mfano pigo la nne peke yake, nayo alama ya kutoa hapo ni halali. Ukiiona katikati ya kiitikio ambapo hukuitaka, hapo simama uhesabu.

Sasa habari ya herufi za ajabu. Kijana anafungua wimbo wa Finale uliotoka kwa rafiki, anaona mwanzo wa kila mstari alama ya &, na kwenye mstari wa besi anaona alama ya kuuliza, na mahali pa nota pamejaa œ. Anapiga kelele kwamba kompyuta imeingiwa na virusi. La hasha. Nota za Finale huchorwa kwa chapa maalumu za herufi, na iliyozoeleka huitwa Maestro. Ndani ya chapa hiyo, & ndiyo ufunguo wa sauti za juu, na ? ndiyo ufunguo wa besi. Kompyuta isiyo na chapa hiyo huonyesha herufi tupu. Nota zako zote zipo salama. Mwombe aliyekutumia akupe PDF iliyotengenezwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, ama uiweke chapa ile kwenye kompyuta yako.

Ujumbe mwingine husema kwamba wimbo uliandikwa kwa toleo jipya zaidi. MuseScore toleo la 4 lilitoka Desemba 2022, lakini kompyuta kuukuu zenye Windows 7 haziwezi kulichukua, nazo hubaki na toleo la 3. Mpya husoma cha zamani. Cha zamani hakiwezi kusoma kipya vizuri. Hapa anayepokea hana kosa, wala hana haja ya kununua kompyuta nyingine. Anayetuma ndiye aliye na kazi: alitoe faili lake kwa namna iitwayo MusicXML, ambayo programu karibu zote huielewa.

Kuhusu umeme sitasema mengi, mnaujua wenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku utakapowasha tena MuseScore itakuuliza kama irudishe kazi ya mwisho. Jibu ndiyo, kwa kuwa programu hujiwekea akiba kila baada ya dakika chache. Watu hujibu hapana kwa sababu hawakusoma swali, kisha wanaandika upya wimbo mzima. Na flashi msiing'oe kabla ya kuiaga kompyuta. Mafaili mengi huharibika kwa haraka hiyo ya sekunde mbili.

Ukipata ujumbe kwamba sauti haipatikani, yaani programu imekuwa bubu, usihangaike. Kukosa sauti hakuharibu nota. Imba mwenyewe, ndiyo kazi ya mwalimu.

Tena liko kosa ambalo hakuna programu itakayokuonya juu yake, nami naliona ni baya kuliko yale yote. Kompyuta inajua kuhesabu mapigo, lakini Kiswahili haikijui. Chukua neno barabara. Mkazo ukianguka kwenye silabi ya tatu, ni njia ya kupita. Ukianguka kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa, vema kabisa. Mtunzi akiweka pigo zito mahali pasipo pake, msikilizaji atasikia neno jingine, ama hatasikia neno lolote, na kioo cha kompyuta kitabaki kimetulia kana kwamba mambo yote ni mazuri. Vilevile silabi "m" katika neno kama mtoto yataka nota yake yenyewe. Ukiibana pamoja na "to", programu itakubali, na waimbaji wa Igalula watakwama. Dawa yake ni ya zamani: soma maneno kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, ukipiga meza kwa kidole, kabla hujagusa kompyuta.

Nimeliacha nyuma jambo kubwa, maana lataka nafasi. Ni habari ya Finale yenyewe. Programu hii ilitoka mwaka 1988, na watunzi wa nchi nyingi wameitumia. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni yake, MakeMusic ya Marekani, ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Mwanzo ilisema kwamba baada ya mwaka mmoja haitawezekana kuisajili kwenye kompyuta mpya. Watumiaji wakalalamika sana, kampuni ikarudi nyuma na kusema usajili utaendelea. Kwa hiyo aliye nayo leo aweza kuitumia. Lakini siku Windows itakapobadilika na Finale ikashindwa kufunguka, hakuna fundi atakayeitengeneza.

Na mtu mwenye nakala ya wizi asiniambie kwamba yeye hayamhusu. Finale isiyosajiliwa, siku 30 zikipita, hukataa kuhifadhi na hukataa kupiga chapa. Ni mara ngapi mmeona kisanduku hicho mkaenda kutafuta dawa kwa kijana wa stendi, naye akaweka kitu kilichoharibu kompyuta yote? MuseScore ni ya bure. Sioni sababu ya kuiba kitu kinachokufa na kuacha kitu cha halali kinachotolewa bure.

Fikirini sasa hali ya parokia moja. Mtunzi ameandika nyimbo miaka ishirini. Zote zimo kwenye kompyuta moja, katika mafaili ya Finale: ya zamani yanaishia na .mus, na yale ya tangu toleo la 2014 yanaishia na .musx. Kwaya ina nakala za karatasi zilizofifia, ukurasa wa pili wa besi umepotea. Mtunzi akifariki, au kompyuta ikiungua, aliyebaki na flashi atapata ujumbe mmoja tu: faili hili haliwezi kufunguliwa. Ujumbe huo hauna tiba kama ile ya kipimo cha 12. Ukutane nao leo, wakati mtunzi yu hai na Finale yake bado inafunguka.

Kazi yenyewe si ngumu. Fungua kila wimbo ndani ya Finale, uutoe kwa MusicXML. Matoleo ya mwisho yanaweza kugeuza folda nzima kwa mara moja. Angalia: Finale ya zamani haiwezi kufungua .musx, kwa hiyo tafuta kompyuta yenye toleo jipya kuliko mafaili yako. Kisha fungua ile MusicXML ndani ya MuseScore na uikague kwa subira ukiwa na karatasi ya zamani mkononi. Tazama hasa mashairi ya pili na ya tatu, alama za kurudia, na mahali ambapo soprano na alto wamo katika mstari mmoja. Hapo ndipo mambo huchanganyika. Sura ya ukurasa itabadilika kidogo, hilo si neno.

Wapo wanaopitia MIDI kwa kuwa ni faili dogo. Mimi siipendi njia hiyo. MIDI hukumbuka sauti lakini mara nyingi huacha maneno, na nota fupi huzichora ovyo hata mwimbaji asizitambue. Itumieni pale tu ambapo hakuna kitu kingine kilichobaki.

Mkimaliza, kila wimbo uwe na mafaili matatu: MusicXML kwa ajili ya kesho, lile la programu mnayotumia leo, na PDF kwa ajili ya kupiga chapa. Nakala moja ikae kwa mtunzi, nyingine ofisi ya parokia, nyingine kwa kwaya jirani. Majina yawe ya kueleweka. Faili linaloitwa "mpya mwisho 2" halimsaidii mtu. Andikeni jina la wimbo, la mtunzi, na mwaka.

Mwisho pigeni chapa nakala moja safi ya kila wimbo, sauti zote nne, na solfa chini yake kwa mkono ikiwa kwaya yenu huisoma. Kunjeni ndani ya mfuko wa nailoni mziweke kabatini pamoja na vitabu vya nyimbo, mbali na mchwa na mbali na dirisha linalovuja.