Sakafu Iliyotitia

Katika Kabondo, kama pote Kisangani, mvua hunyesha kwa nguvu. Baba wa jamaa hujinyima, hununua simenti mfuko kwa mfuko, humlipa fundi fedha zote. Baada ya miezi michache sakafu yatitia pembeni na kupasuka. Fundi hulaumu simenti, mwenye nyumba humlaumu fundi.

Tutazame chini kwanza. Mara nyingi kosa li katika udongo wa kujazia: ulimwagwa wote mara moja, haukushindiliwa. Yafaa utiwe tabaka kwa tabaka, sentimeta 15 hivi, na kila tabaka lishindiliwe mpaka liwe gumu. Maji ya paa yaongozwe mbali na ukuta, na sakafu mpya iloweshwe siku 7.

Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa kuziba ufa tu hakutoshi: sehemu iliyotitia ibomolewe, udongo ushindiliwe upya.

Na fundi je? Mapatano yaandikwe mbele ya shahidi kabla ya kazi. Alipwe kwa mafungu, la mwisho baada ya kazi kukaguliwa. Fundi mwema haogopi karatasi hiyo. Humlinda naye, asidaiwe kosa la mwenye nyumba aliyemharakisha.