Mwalimu Apimaye Kazi

Mzazi akisikia kwamba mwanawe ataka kusomea uganga, hufurahi na kuwaambia majirani. Akisikia ualimu au sheria, huridhika. Lakini kijana akisema, "Baba, nataka kusomea uhandisi wa viwanda, na Mungu akinijalia niwe mwalimu wa elimu hiyo katika chuo kikuu," mzazi hunyamaza kidogo, kisha huuliza: "Kiwanda kiko wapi hapa Kasenyi? Hapa pana ziwa, mitumbwi, nyavu na jua. Je, nitauza samaki miaka mitano ili mtoto akajifunze jambo lisilo na mahali pa kulitumia?"

Swali hilo si la kijinga. Karo hutoka katika jasho, na mzazi mwenye busara hatupi wavu asipoona dalili ya samaki. Kwa hiyo juma hili twataka kulijibu kwa makini.

Kwanza tueleze elimu yenyewe. Uhandisi wa viwanda si elimu ya kuunda mashine tu. Hiyo hasa ni kazi ya mhandisi wa mitambo. Mhandisi wa viwanda huitazama kazi nzima: watu, vyombo, mahali na wakati. Huuliza: Kitu hiki chatoka wapi? Chapita katika mikono mingapi? Chalala wapi kikingoja? Chaharibikia wapi, na kwa sababu gani? Akiisha kuuliza, hupima. Akiisha kupima, hujaribu mpango mwingine. Kisha hupima tena. Atafutacho huitwa tija, yaani mazao yakilinganishwa na nguvu, wakati na mali iliyotumika kuyapata. Tija si kukimbia. Mtu aweza kukimbia kutwa nzima na kufika jioni na kitu kidogo, kwa sababu mpango wa kazi yake ni mbovu.

Sasa tushuke ufukoni mwa Ziwa Albert. Kasenyi ni bandari ya wavuvi, kilometa zaidi ya 50 kutoka Bunia, chini ya miinuko ambayo barabara huipanda kupitia Bogoro. Zamani za utawala wa Wabelgiji meli zilivuka kuja hapa kutoka Butiaba, ng'ambo ya Uganda. Hapa hakuna bomba la moshi wala king'ora cha kuwaita wafanyakazi, lakini kiwanda kipo. Wavuvi wa samaki wadogo, wale ambao wenzetu wa pwani huwaita dagaa, huenda ziwani na taa katika usiku wa giza, na kurudi alfajiri. Samaki hutolewa mtumbwini, hutiwa katika mabeseni, hubebwa, huoshwa, huanikwa, hugeuzwa, hukusanywa, hutiwa magunia, hupakiwa garini, ndipo hupanda kwenda Bunia. Hizo ni kazi kumi, na kila moja ina mtu wake, chombo chake na wakati wake. Kama hicho si kiwanda, ni nini?

Na katika kiwanda hicho mali hupotea. Samaki huanza kuharibika tangu atolewapo majini, na joto huharakisha uharibifu. Ziwa letu liko meta 620 hivi tu juu ya bahari, na joto la bonde hili ni kali kuliko lile la Bunia kule juu. Aliyeanikwa mchangani hushika mchanga, naye hukauka upande mmoja tu. Mvua ikinyesha ghafla, kazi ya usiku mzima huenda bure. Aliyeanikwa juu ya kichanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, na mama aweza kumfunika mvua ikija. Tena mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki wengi. Usiku wa giza wavuvi hupata wengi kwa pamoja, na hapo hata vichanja havitoshi. Watu wengine wakiona samaki wanaoza husema, "Wanawake wa ufukoni ni wavivu." Twasema waziwazi: sivyo. Aliyeamka saa kumi za usiku na kubeba mabeseni mpaka jua la utosi si mvivu. Mpango ndio uliomshinda, wala si mwili wake.

Tufanye hesabu ndogo, ambayo wanafunzi wetu waweza kuihakikisha kwa miguu yao. Tuseme toka mtumbwi hata mahali pa kuanikia ni hatua 150, na mama huenda na kurudi mara 20. Hizo ni hatua 6,000. Sasa tuseme vichanja vimesogezwa mpaka hatua 50 tu kutoka maji. Mama atatembea hatua 2,000. Ameokoa hatua 4,000, yaani kilometa 3 hivi, na samaki wamefika kichanjani mapema. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Hakuna aliyekemewa. Mtu mmoja tu alikaa, akatazama, akahesabu.

Huo ndio mwanzo wa elimu hii ulimwenguni. Mwaka 1885 kijana wa Marekani, Frank Gilbreth, mwenye umri wa miaka 17, alianza kujifunza uashi. Akaona kwamba waashi waliomfundisha hawakufuata njia moja, na kwamba kila tofali lilimlazimu mwashi kuinama hadi chini. Baadaye akabuni jukwaa la kuinuliwa kadiri ukuta unavyopanda, ili matofali yawe karibu na mkono. Miendo 18 ya kuweka tofali moja ikapungua kuwa 5, na mwashi aliyekuwa akiweka matofali 120 kwa saa akaweza kuweka 350. Angalieni vema: mgongo wa mwashi ulipumzika, na ukuta ukapanda upesi zaidi.

Mkewe, Lillian Gilbreth, ndiye aliyeipeleka elimu hiyo mbali zaidi, na maisha yake yawafaa sana wasomaji wa gazeti la jamaa kama hili. Walizaa watoto 12, mmoja akafariki angali mdogo. Mwaka 1914 mama huyu alitoa kitabu juu ya akili na hisia za mfanyakazi. Mchapaji akaandika herufi za kwanza tu za majina yake, ili wasomaji wasijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Mwaka 1915 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Brown. Mwaka 1924 mumewe alikufa ghafla, akamwachia watoto 11 wa kulea. Baadhi ya makampuni yaliyokuwa yakifanya kazi nao yakamwacha, yakidhani mjane hawezi. Akaanza kufundisha nyumbani kwake. Mwaka 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika shule ya uhandisi ya chuo hicho. Alichunguza pia kazi ya jikoni: kimo cha meza, mahali pa jiko, hatua za mama anayepika. Alifariki mwaka 1972, mwenye miaka 93. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba elimu hii si ya wasichana, au kwamba jiko la mama si mahali pa elimu.

Lakini haki yatudai tuseme na upande wa pili, kwa maana kipimo chaweza kugeuka kuwa kiboko. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 jinsi mpakiaji mmoja wa chuma huko Bethlehem alivyotoka tani 12 na nusu kwa siku hadi tani 47 na nusu. Mshahara wake ukapanda kutoka dola 1 na senti 15 hadi dola 1 na senti 85. Wanafunzi wapige hesabu: mzigo uliongezeka karibu mara nne, na mshahara haukufika hata mara mbili. Mwaka huohuo wa 1911 mafundi wa karakana ya silaha ya serikali huko Watertown waligoma, walipoona mtu amesimama nyuma ya mwenzao na saa mkononi akimhesabia nukta. Mwaka 1915 Bunge la Marekani likakataza saa hizo katika karakana za jeshi.

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki si ule tu ambao maskini amelazimika kuukubali kwa shida yake. Pius XI, mwaka 1931, alisikitika kuona malighafi ikitoka kiwandani imepata thamani, na mtu akitoka humohumo amepoteza utu wake. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba thamani ya kazi yapimwa kwanza kwa huyo aifanyaye, kwa kuwa ni mtu. Basi mwalimu apimaye kazi anadaiwa maswali mawili, wala si moja. La kwanza: Je, mazao yameongezeka? La pili: Yameongezeka kwa faida ya nani? Asiyeuliza la pili ni nusu mwalimu.

Je, yako mahali ambapo elimu hii imewafikia watu wa samaki? Yako. Katika mtaa wa wavuvi uitwao Chorkor, mjini Accra, Ghana, wanawake walikausha samaki kwa moshi katika majiko ya duara, wakiwageuza kwa mikono juu ya moto. Miaka zaidi ya 50 iliyopita watafiti wa nchi ile, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walikaa na wanawake hao, wakatengeneza jiko la pembe nne lenye trei za kupangwa moja juu ya nyingine. Samaki wengi wakauka kwa pamoja, kuni zikapungua, na mikono ikapona moto. Jiko la Chorkor likaenea katika nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo utafiti haukulala: ilionekana kwamba moshi bado huacha vitu vyenye madhara katika samaki, na tangu mwaka 2008 jiko jipya likatengenezwa huko Thiaroye, Senegal, ili kuupunguza ubaya huo. Hayo ndiyo maisha ya mtafiti: kupima, kutengeneza, kukubali kwamba bado, na kupima tena.

Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, na mwaka 1981 ikaanzishwa hapo taasisi ya kubuni zana za uzalishaji, ambayo walimu wake walishughulikia mashine za wazalishaji wadogo, kama za kusaga nafaka na kukamua mafuta ya alizeti. Huko Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, nacho hufundisha uhandisi wa viwanda. Kwetu Kongo, Kinshasa na Lubumbashi zina vitivo vya uhandisi. Njia yenyewe ni ndefu: hesabu na fizikia katika shule ya sekondari, kisha miaka ya chuo, kisha shahada ya uzamili, na mwisho udaktari, ambao humdai mtu kutafiti jambo moja kwa miaka kadhaa. Hakuna njia ya mkato, na mzazi asidanganywe kwamba utajiri utakuja upesi.

Wengine watasema: "Mwatuambia habari za vichanja na hatua, na sisi tumeona moto." Twajua. Vita vya miaka 1999 hadi 2003 viliiumiza Ituri, na tangu mwisho wa mwaka 2017 jamaa nyingi zimekimbia tena vijiji vyao. Elimu haizuii risasi. Lakini aliyekimbia na kurudi mikono mitupu hana cha kupoteza tena. Kila beseni lioZALO kwake ni daftari la mtoto na dawa ya mgonjwa. Asiye na akiba ndiye ahitajiye zaidi kwamba kisipotee kitu.

Nasi Wakristo tuna mfano ulio juu ya yote. Bwana Yesu alipowalisha watu 5,000 kando ya ziwa, kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaketisha kwanza makundi makundi, ya mia na ya hamsini, akawapa mitume wagawe. Na watu walipokwisha kushiba, akaamuru mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate apendavyo hakutaka makombo yatupwe. Utaratibu na kutopoteza si mambo ya tamaa ya matajiri. Ni namna ya kumshukuru Mungu kwa alichotupa.

Kwa hiyo, enyi wazazi wa Kasenyi, na wa Tchomia, na wa kila pwani, mtoto wenu akiwa na kichwa cha hesabu, tena akiwa na jicho la kuona mama yake anavyochoka, msimcheke akitaja uhandisi wa viwanda. Mwulizeni tu swali la pili: Utapima kazi kwa faida ya nani? Nanyi wanafunzi, msingoje chuo kikuu. Likizo ijayo chukueni daftari na kalamu, ombeni ruhusa kwa adabu, mkae ufukoni tangu mtumbwi ufikapo mpaka gunia lishonwe. Andikeni saa, hesabuni hatua, pimeni samaki waliotupwa. Kisha wapeni mama zenu habari hizo kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, kwa maana kazi ni yao, na wao ndio watakaojua lipi lafaa kubadilishwa kwanza.