Bwawa la Nyumbani na Haki ya Jirani



Hapa Msasani, Tukuyu, bwawa la samaki nyuma ya nyumba si jambo geni. Ni rizki ya halali, na watoto hupata kitoweo bila kungoja samaki wa Kyela. Hata hivyo, mwenye bwawa na ajiulize mapema: vifaranga ninavyonunua ni vya samaki gani, na wakitoroka watafika wapi?

Wafugaji wengi hupenda sato, kwa kuwa hukua haraka. Lakini sato ni mgeni katika Ziwa Nyasa. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba amekwisha kuonekana katika maji yanayoingia ziwani humo upande wa kaskazini, yaani upande wetu. Hatari yake si kula chakula cha wenyeji tu. Huzaana na jamaa zake perege hata asili yao ikapotea. Hofu ni kwamba chambo naye atafikwa na hayo.

Ziwa Viktoria limetutangulia. Sangara na sato walipandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950. Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni, hilo hatulikani. Lakini aina nyingi za furu zilitoweka, na ngege, aliyekuwa kitoweo kikuu cha wenyeji, akawa adimu.

Sisi wa mlimani tusiseme ziwa liko mbali. Mvua zetu ni nyingi. Bwawa likifurika, maji huingia kijitoni, kijito huingia katika mito kama Kiwira na Mbaka, nayo huishia Nyasa. Huko kuna jirani anayelisha watoto wake kwa wavu. Haki ya jirani haikomi penye ua wetu, na samaki aliyetoroka haitwi akarudi.

Basi, kabla ya kununua vifaranga, tumwone afisa uvuvi, tumwulize kuhusu perege wa asili ya maji yetu. Bwawa lisichimbwe bondeni penye mafuriko, kingo ziinuliwe, na bomba la kutolea maji lifungwe wavu. Vifaranga vikizidi, tusivimwage mtoni wala katika Ziwa Masoko. Na watoto wetu tuwafundishe sababu yake: maji ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillaahi tawfiiq.