Dereva wa treni baada ya mtu kujiua relini

Dereva wa treni hana usukani wa kumkwepa mtu. Ana breki na honi tu. Treni ya abiria inayokwenda kilomita 200 kwa saa, mwendo wa kawaida kwenye njia kuu za Uingereza, huhitaji karibu kilomita mbili ili isimame, na mara nyingi macho ya dereva hayafiki mbali kiasi hicho. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo hufikia kilomita 160 kwa saa, nayo haiwezi kusimama papo hapo. Kwa hiyo mtu anapojiua relini, dereva huwa amekwisha kufanya kila lililo katika uwezo wake, na bado analazimika kushuhudia.

Katika reli kuu za Uingereza vifo vya namna hii huzidi 200 kwa mwaka. Kila kimoja huacha familia katika msiba, na huacha pia mtu aliyeamka asubuhi kwenda zamu kama kawaida. Utafiti juu ya madereva wa treni za chini ya ardhi za London waliopatwa na tukio kama hilo, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya sita alipata ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, na wengine wengi zaidi walipata sonona au hofu ya kudumu. Idadi hiyo ina habari mbili ndani yake. Madereva wengi hawaupati ugonjwa huo. Lakini mmoja kati ya sita si mtu wa kuachwa ajitafutie nafuu peke yake.

Dalili zenyewe zinajulikana. Usingizi hukatika. Tukio hurudi bila kuitwa, likiletwa na mlio wa breki, rangi ya koti la abiria aliyesimama ukingoni mwa jukwaa, au kona fulani ya njia. Dereva huanza kumtilia shaka kila mtu aliye karibu na reli, na akifika nyumbani huwa mkali kwa watoto bila sababu. Lililo zito kuliko yote ni hatia. Dereva anajua vizuri kwamba hakukosea, na huenda uchunguzi umemwambia hivyo kwa maandishi, lakini usiku hurudia kujiuliza kama angefunga breki sekunde moja mapema. Kumwambia "si kosa lako" ni jambo jema, lakini halimalizi swali hilo. Hatia ya aina hii hupungua polepole, kwa kuongea na mtu anayeijua kazi hiyo.

Ndiyo maana saa za mwanzo zina uzito mkubwa. Treni ikishasimama, dereva hupiga simu ya dharura ya redio ili treni nyingine zizuiwe, kisha husubiri. Kusubiri huko peke yake ndani ya chumba cha dereva, huku abiria wakiulizana kwa nini safari imekwama, ni sehemu ambayo mwajiri anaweza kuifupisha. Utaratibu mzuri ni huu: dereva mwingine aletwe kuendesha treni hiyo, msimamizi afike mwenyewe badala ya kupiga simu, polisi wachukue maelezo mara moja tu na mahali penye faragha, na dereva asindikizwe hadi mlangoni kwake, asipandishwe treni nyingine kurudi kituoni.

Kinachofuata kiliwahi kukosewa kwa nia njema. Tangu miaka ya 1980 ilienea desturi ya kumketisha aliyeshuhudia tukio baya siku chache tu baadaye, akatakiwa kulisimulia lote kwa kikao kimoja. Tafiti zilizofuata hazikuona kuwa kikao hicho huzuia ugonjwa, na baadhi zilionyesha kwamba huweza kuwazidishia watu maumivu. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2018 unaagiza usitumike. Badala yake mtu hufuatiliwa kwa karibu katika mwezi wa kwanza. Dalili zikibaki, hupewa tiba ya kisaikolojia inayoligusa tukio lenyewe, kwa kawaida vikao 8 hadi 12, pamoja na mtaalamu aliyefunzwa. Dereva anayetaka kunyamaza wiki ya kwanza ana haki hiyo. Asichopaswa kukutana nacho ni ukimya wa upande wa pili. Wajibu wa kupiga simu, kuuliza hali na kuuliza tena ni wa kampuni. Mtu aliyeumia hivi mara nyingi ndiye wa mwisho kusema ameumia, hasa katika kazi ambayo ugumu wa moyo huhesabiwa sifa.

Wenzake kazini husaidia kuliko wanavyodhani. Treni za chini ya ardhi za London zina wafanyakazi wa kujitolea waliofunzwa kumsikiliza mwenzao aliyepatwa, na shirika la Samaritans, linalosaidia watu wenye mawazo ya kujiua na lililoanzishwa London mwaka 1953, lilianza kushirikiana mwaka 2010 na Network Rail, kampuni inayosimamia njia za reli kuu za Uingereza. Ushirikiano huo umewafunza maelfu ya wafanyakazi wa reli kumtambua mtu aliye katika hatari na kuzungumza naye kabla ya msiba. Kwa dereva, kila mtu anayefikiwa mapema ni tukio ambalo hatalishuhudia.

Kurudi kazini kuendane na hali ya mtu, kusiendane na jedwali la zamu. Wengi huanza kwa kusafiri katika chumba cha dereva wakiwa watazamaji, kisha huendesha wakiwa na mwalimu pembeni, kisha peke yao. Mahali pa tukio hupitwa kwanza mchana, mwenzao akiwepo. Mshahara wakati wa mapumziko lazima ubaki ule ule, la sivyo dereva atarudi kwa sababu ya kodi ya nyumba, akiwa na mamia ya watu nyuma yake na bila utulivu.

Uchunguzi wa kimahakama wa kifo huja miezi kadhaa baadaye, na barua ya kumtaka dereva atoe ushahidi inaweza kufungua upya kilichokuwa kimeanza kupona. Msimamizi anayejali humpa taarifa kabla barua haijafika, na humsindikiza siku ya kikao. Wapo pia wasioweza kurudi kabisa, wakiwemo waliopatwa na tukio hilo zaidi ya mara moja. Hao wapewe kazi nyingine ndani ya reli bila kupunguziwa kipato, na wasiandikwe popote kuwa wameshindwa kazi.